Wali wa kuku wa Kihispania: supu ipimwe kabla ya mchele kuingia

Wali huu ukiharibika, mara nyingi mchele hauna kosa. Kosa limefanyika mapema: kuku yuko nusu mbichi, mpishi kamwaga mchele, na sasa vitu viwili vinavyotaka muda tofauti viko kwenye sufuria moja. Kuku akiiva, wali umeshakuwa bokoboko. Wali ukiiva, paja bado linavuta damu kwenye mfupa. Arroz con pollo, yaani wali na kuku, kama inavyopikwa Hispania haina tatizo hilo kwa sababu inapikwa kwa awamu mbili. Kwanza kuku anatokoswa taratibu ndani ya rosti ya vitunguu na nyanya mpaka alainike. Kisha supu yake inapimwa kwa kikombe, na mchele unaiva ndani ya supu hiyo.

Aliyezoea pilau ana tabia mbili za kuziweka kando leo: kufunika na kugeuza. Hakuna iliki, hakuna mdalasini, hakuna tui. Ladha inatoka kwenye kuku aliyekaangwa vizuri, paprika ya moshi (unga wa pilipili nyekundu zilizokaushwa kwa moshi) na zafarani.

Mahitaji (watu 5, kikombe ni cha mililita 250)

- Kuku 1 wa kilo 1.5, akatwe vipande 10 hadi 12 pamoja na mifupa. Ini liwekwe pembeni
- Mchele wa punje fupi vikombe 2 (karibu gramu 400)
- Mafuta ya zeituni vijiko 6 vya chakula
- Kitunguu maji 1 kikubwa
- Pilipili hoho 1 nyekundu na 1 ya kijani
- Kitunguu saumu punje 5
- Nyanya 4 zilizoiva sana
- Paprika ya moshi vijiko 1½ vya chai
- Zafarani nyuzi 25 hivi
- Divai nyeupe nusu kikombe, kwa wanaoitumia
- Njegere mbichi nusu kikombe
- Maji vikombe 7, chumvi, ndimu

Asiyetumia divai aiache tu wala asitafute mbadala. Uchachu wa nyanya unatosha.

Mchele

Hapa ndipo pa kufikiri zaidi. Wahispania hutumia mchele wa punje fupi na nene unaolimwa kwenye mashamba ya maji karibu na ziwa Albufera huko Valencia, kwenye delta ya mto Ebro, na Calasparra mkoani Murcia. Maarufu zaidi ni Bomba. Hunywa supu mara tatu ya ujazo wake bila kupasuka, na ukichelewa dakika tatu kuutoa motoni bado unakusamehe. Aina nyingine, Senia, ni mtamu zaidi kwa sababu hufyonza ladha haraka, lakini hauna huruma: dakika mbili za ziada na umeshalegea.

Mchele wa Kihispania ukikosekana, tafuta arborio ya Kiitaliano au mchele wa punje fupi wa Kimisri, ambao walioko nchi za Ghuba wanaupata bila shida. Pishori ya Mwea na mchele wa Kyela ni mirefu na ina harufu yake yenyewe; wali utakuwa mzuri, ila harufu hiyo itashindana na zafarani, na punje hazitabeba supu vile inavyotakiwa. Ukiwa huna budi kuutumia, uoshe mara moja, uchuje kwa dakika 20, usiuloweke. Mchele wa punje fupi usiuoshe kabisa, labda uwe na vumbi au mawe. Wanga kidogo uliopo juu ya punje ndio unaofanya supu ishikamane na wali.

Vipimo vya supu kwa vikombe 2 vya mchele ni hivi: Bomba vikombe 6, arborio, wa Kimisri na punje fupi nyinginezo vikombe 5, pishori na mingine mirefu vikombe 4. Hesabu hii ni ya sufuria iliyo wazi. Ukifunika, supu itazidi na utapata uji.

Chombo na moto

Tumia sufuria pana ya chini bapa, upana wa sentimita 32 hadi 36. Wali ukishaiva unene wake usizidi sentimita mbili au tatu. Karai halifai: katikati wali unakuwa mnene na mbichi, pembeni unakuwa mwembamba na unaungua. Jiko la mkaa lenye makaa yaliyotandazwa vizuri linafanya kazi kuliko jiko dogo la gesi, na hilo lisikushangaze, kwani Valencia wenyewe husifu moto wa kuni za mchungwa. Ukiwa na gesi, zungusha sufuria robo mzunguko kila dakika mbili.

Kumkaanga kuku

Mpake kuku vijiko viwili vya chai vya chumvi saa moja kabla, au tangu usiku na umweke kwenye friji. Kabla ya kumkaanga mkaushe kwa kitambaa. Ngozi yenye maji haikaangiki, inachemka, na mafuta yanakurukia.

Pasha mafuta moto wa wastani, weka vipande ngozi ikiangalia chini, na uviache. Kila upande unahitaji dakika 6 hadi 8. Kipande kikigoma kutoka chini ya sufuria, bado hakijawa tayari. Kikiwa tayari kitaachia chenyewe. Usijaze sufuria, kaanga mafungu mawili. Rangi unayoitafuta ni ya kahawia ya dhahabu, na yale masazo yanayoganda chini ndiyo rangi na ladha ya supu yako, usiyaoshe. Mwishoni kaanga ini dakika mbili, litoe.

Rosti

Kwenye mafuta yaleyale weka kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo na chumvi kiasi cha kufinya. Moto mdogo, dakika 10, mpaka kiwe laini bila kuungua. Ongeza hoho, dakika 8. Nyanya zikate nusu, zikwaruze kwenye greta upande uliokatwa, ganda libaki mkononi. Weka punje tatu za kitunguu saumu kilichokatwakatwa, zikinukia mimina nyanya.

Sasa subira. Nyanya zinahitaji dakika 12 hadi 15 mpaka maji yaishe, rangi igeuke ya matofali, na ukivuta mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi huku mafuta yakijitenga pembeni. Wengi huishia dakika ya tano. Ladha ya nyanya mbichi haiondoki baadaye, hata ukichemsha kutwa.

Paprika ndiyo sehemu ya hatari. Ile ya La Vera, mkoani Extremadura, hutokana na pilipili zilizokaushwa kwa moshi wa kuni za mwaloni, kisha zikasagwa. Ina sukari nyingi na inaungua upesi sana. Ondoa sufuria motoni, nyunyiza paprika, koroga kwa sekunde 20, kisha mwaga divai au maji mara moja. Ikigeuka nyeusi itakuwa chungu, na uchungu huo hauna dawa: anza rosti upya.

Kutokosa

Rudisha kuku pamoja na utomvu wake wote, isipokuwa vipande vya kidari. Hivyo viache kwenye sahani, vitaingia na mchele. Vikitokoswa na mapaja vitakuwa vikavu kama pamba. Mimina maji vikombe 7, chemsha, punguza moto, funika nusu. Supu ichezecheze, isitokote kwa nguvu.

Kuku wa kisasa anataka dakika 25 hadi 30. Wa kienyeji anataka saa moja na robo au zaidi, na jogoo mzee hata saa mbili, huku ukiongeza maji ya moto yakipungua. Kwa kuku wa kienyeji acha kidari kiingie tangu mwanzo. Alama ya kuiva ni nyama kuanza kuachia mfupa wa paja ukiibonyeza kwa uma, lakini isiwe inasambaratika, maana bado ina dakika 18 mbele yake.

Wakati huo pasha zafarani kwenye kikaango kikavu kwa sekunde chache, isagike kwa vidole. Twanga kwenye kinu kidogo pamoja na ini na punje mbili za kitunguu saumu zilizobaki. Ulegeze mchanganyiko huo kwa upawa mmoja wa supu ya moto na uuache dakika 10. Ini linaipa supu uzito usioupata kwa njia nyingine, na hakuna atakayelitambua mezani. Usiweke bizari ya manjano badala ya zafarani. Ladha yake inaupeleka wali kwingine kabisa. Ukikosa zafarani, rangi ya chakula ya manjano ni afadhali. Nyumba nyingi Hispania zenyewe hutumia rangi ya pakiti siku za kawaida.

Kupima, kisha mchele

Toa kuku, mimina supu yote kwenye jagi, changanya na vile ulivyotwanga. Pima. Ikipungua ongeza maji ya moto, ikizidi ichemshe pembeni ipungue. Bakiza nusu kikombe cha akiba juu ya kipimo. Onja chumvi: supu iwe imekolea kuliko ambavyo ungependa kuinywa, kwa kuwa mchele utaizimua.

Kwenye sufuria itabaki rosti na mafuta kidogo. Weka mchele, geuza dakika mbili mpaka punje zing'ae na kingo zake zianze kupenya mwanga. Mimina supu ikiwa inachemka, tandaza mchele usawa, panga kuku, vidari na njegere. Kuanzia hapa mwiko unakaa mezani. Kila ukigeuza unamenya wanga wa punje, supu inakuwa nzito, chini panashika na juu hapaivi.

Moto mkali dakika 8, mpaka mchele uanze kuchungulia juu ya supu. Kisha moto mdogo dakika 9 au 10. Dakika ya 15 onja punje ya juu. Ikiwa kiini bado kigumu na supu imekauka, nyunyiza ile akiba ikiwa ya moto na funika kwa kitambaa kibichi. Walioko nyanda za juu waongeze dakika tatu hadi tano na supu kidogo: Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100, na mchele unaliona hilo.

Supu ikishakauka, pandisha moto kwa dakika moja hadi mbili upate ukoko. Wahispania huuita socarrat na hugombaniana. Sikiliza: mlio wa kuchemka unageuka kuwa mchakacho mkavu, na harufu inakuwa ya kitu kilichokaangwa. Ikija harufu ya kuungua umepitiliza. Kalisha sufuria juu ya kitambaa kilicholoweshwa, joto likatike. Epua, funika kwa kitambaa safi, si mfuniko unaodondosha maji, na uache dakika 6.

Moto wako ukiwa wa kubabaisha, baada ya zile dakika 8 za kwanza hamishia sufuria kwenye oveni ya nyuzi 200, bila kufunika, dakika 10. Asiye na oveni anaweza kupalia. Huko Elche, mji wa Hispania, kwenye wali uitwao arroz con costra, wali humwagiwa mayai juu kisha chombo hufunikwa kwa bati lenye makaa, kama wafanyavyo wapishi wa Pwani kwa wali wa nazi. Ila hapa usipalie mapema. Supu iwe imeshapungua.

Pakua kutoka sufuria hiyohiyo, na vipande vya ndimu pembeni. Kiporo kikipoa kiingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, kisikae juu ya meza usiku kucha. Kesho yake kipashe kwenye kikaango na vijiko vitatu vya supu au maji, funika dakika nne, kisha funua na uache chini pakauke upya.