Kabla ya kugonga nyundo, piga hesabu ya wimbi

Ndugu zangu mnaotafuta nyufa na mapango madogo kwenye viwanja vya Nakuru kwa mitetemo ya nyundo ardhini, msikimbilie kutandaza jiofoni, yaani vihisi vinavyopokea mitetemo hiyo. Anzeni na kalamu. Gawanya kasi ya wimbi kwa idadi ya mitikisiko kwa sekunde, upate urefu wa wimbi. Robo yake ndiyo makadirio ya kitu kidogo unachoweza kukiona vizuri. Majivu ya volkano yaliyo makavu yanaweza kupitisha wimbi kwa takriban mita 300 kwa sekunde. Kwa mitikisiko 50 kwa sekunde, wimbi lina mita 6, robo ni mita 1.5. Ufa wa nusu mita basi utakuponyoka, hata mashine iwe ya bei gani.

Dawa ni kupandisha mitikisiko: nyundo nyepesi, bamba gumu la chuma la kugongea, jiofoni zikaribiane, nusu mita hadi mita moja. Utapoteza kina, maana mawimbi yenye mitikisiko mingi hufifia upesi kwenye majivu hayo, lakini ufa unaoangusha ukuta mara nyingi hauko mbali na msingi.

Karibu na barabara kuu ya Eldoret, malori yanatikisa kila kitu. Nenda alfajiri. Gonga mara 16 palepale, ujumlishe rekodi. Kelele za ovyo hushuka hadi robo zikilinganishwa na ishara ya nyundo.

Na usitegemee peke yake njia ya mpindo, inayosoma mawimbi yanayopinda kwenye tabaka la chini na kurudi juu: tabaka laini lililo chini ya mwamba mgumu halionekani kabisa kwa njia hiyo. Ongeza uchambuzi wa mawimbi yanayosafiri kwenye uso wa ardhi.