Jinsi ya kutunga na vijana ngoma inayofundisha kinga ya VVU

Ngoma nyingi za kuelimisha kuhusu VVU hukwama kwenye neno "jikinge". Watazamaji hulisikia tangu mwanzo hadi mwisho, hupiga makofi, kisha huondoka bila kujua wajikinge kwa njia ipi, wapi na lini. Ngoma hufundisha pale inapobeba jambo moja lililo sahihi, halafu ikampa kijana nafasi ya kulifanyia mazoezi kwa mwili wake na kwa maneno yake mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa onyesho la dakika 12 linalotungwa na vijana 18 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, katika vipindi sita vya dakika 90. Wenye miaka 10 hadi 14 wapewe kundi lao. Ukiwachanganya, wadogo hunyamaza na wakubwa hujifanya wanajua.

Hatua ya 1: Andaa watu, na hakikisha mlango wa huduma uko wazi

Unahitaji wawezeshaji wawili, mwanamke na mwanamume, pamoja na mtoa huduma za afya atakayekuwepo kipindi cha pili, cha nne na siku ya onyesho. Pata ridhaa ya wazazi au walezi kwa walio chini ya umri wa utu uzima, na ridhaa ya kijana mwenyewe pia. Vifaa ni vichache: spika moja, kamba ya mita 22, vitambaa 12 vya njano, mifano miwili ya uume ya mbao, kondomu 40, karatasi na kalamu.

Kabla hujaanza, nenda mwenyewe kwenye kituo utakachowaelekeza vijana. Uliza kama wana PEP, yaani dawa za dharura za kuzuia VVU baada ya mtu kukutana na hatari. Uliza kama zinatolewa usiku na mwishoni mwa wiki, na nani anazitoa. Onyesho likimpeleka kijana kwenye mlango uliofungwa, atakachojifunza ni kwamba huduma haipo, na atawaambia wenzake hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Chagua tendo moja

Andika sentensi inayosema nani afanye nini, na lini. Mfano tutakaoutumia hapa: "Kijana aliyejamiiana bila kinga, aliyepasukiwa na kondomu au aliyebakwa, afike kituoni ndani ya saa 72 ili aanze PEP." Kila mwendo na kila mstari usioisaidia sentensi hiyo uondolewe, hata kama unapendeza. PrEP (dawa za kuzuia VVU zinazotumiwa kabla ya mtu kukutana na hatari), tohara ya kitabibu na unyonyeshaji salama vyote ni muhimu, lakini ukivibana ndani ya dakika 12 hakuna kitakachokumbukwa.

Kaeni na mtoa huduma za afya mwandike ukurasa mmoja wa ukweli. Kwa mfano wetu, uwe na haya. VVU huambukizwa kwa damu, shahawa na majimaji yanayozitangulia, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Mate, jasho, mbu na kushikana mikono havimo. PEP huanza mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na humezwa siku 28. Mtu hupimwa kabla ya kuanza, kwa sababu akikutwa tayari ana VVU anahitaji matibabu kamili, na hupimwa tena baadaye kwa ratiba ya kituo. Vipimo vya haraka vya kingamwili huweza kuchukua siku 23 hadi 90 kuonyesha maambukizi mapya, hivyo kipimo cha kesho yake hakimwondolei mtu wasiwasi. Mtu anayeishi na VVU akitumia ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Ukurasa huu upitiwe upya kila mwaka. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, iwe njia nyingine ya PrEP. Ngoma ya zamani inayosema kinga ya dawa ni vidonge tu imeshapitwa na wakati.

Hatua ya 3: Jengeni usalama ndani ya kundi

Pasheni mwili dakika kumi, kisha mkubaliane mambo matatu: hakuna kugusana bila kuulizana, anayetaka kupumzika anakwenda pembeni na haulizwi kwa nini, hakuna anayeulizwa hali yake ya VVU, hata kwa utani. Katika kundi lolote anaweza kuwepo kijana aliyezaliwa na VVU au aliyefanyiwa ukatili. Panga kazi zote ukijua hilo.

Maswali yakusanywe kwa sanduku. Kila mmoja apewe karatasi na kila mmoja aandike, hata kama ni "sina swali", ili kalamu inayotembea isimfichue mtu. Mtoa huduma ayajibu kipindi cha pili.

Hatua ya 4: Tungeni ngoma ya seli

Hapa ndipo muda mwingi uende: vipindi vya pili, tatu na nne. Tumia muziki usio na maneno wenye mipigo 96 kwa dakika. Kwa mwendo huo, hesabu moja ya nane huchukua sekunde tano. Katika ngoma hii kila nane huhesabiwa kuwa siku moja, isipokuwa pale msimulizi atakaposema vinginevyo.

Tandaza kamba sakafuni iwe duara lenye upana wa karibu mita saba, ukiacha pengo moja dogo. Duara ni mwili wa mtu mmoja. Ndani wapo vijana 12 ambao ni seli za CD4, askari wa kinga ya mwili. Nje wapo wawili ambao ni virusi, na wanne ambao ni dawa. Kila kirusi ashike vitambaa sita vya njano. Usitumie vyekundu, kwa sababu utepe mwekundu, uliobuniwa na wasanii wa New York mwaka 1991, ni alama ya kusimama pamoja na wanaoishi na VVU.

Mzunguko wa kwanza, bila PEP. Nane ya 1 hadi ya 3, virusi wanaingia kwa pengo na kuzunguka wakitafuta seli. Nane ya 4, kirusi mmoja anampa seli kitambaa kimoja, na seli anakificha kiunoni: virusi vimejiandika ndani ya vinasaba vya seli. Kuanzia hapo seli mwenye kitambaa anageuka kiwanda. Nane ya 5 anawafikia wenzake wawili, nao virusi wanawapa vitambaa. Nane ya 6 wote watatu wanawafikia wawili wawili, na sasa ni tisa. Nane ya 7 hadi ya 10, tisa hao wanachuchumaa polepole mmoja mmoja. Msimulizi aseme wazi kwamba sehemu hii ni miaka. Asiposema, watazamaji watadhani mtu huanza kuugua wiki hiyo hiyo.

Nane ya 11, dawa wanaingia, kila mmoja akisimama na kutanua mikono katikati ya seli wenye vitambaa na wasio navyo. Kunakili kunasimama na seli wanainuka. Vitambaa vinabaki viunoni, vimefichwa. Nane ya 17, dawa wawili wanatoka. Papo hapo vitambaa vinachomolewa na kupeperushwa. Nane ya 21 wanarudi na vitambaa vinafichwa tena. Kwa mwendo huo tu, bila hotuba, mtazamaji ameona kwa nini ARV hazikatizwi.

Mzunguko wa pili, pamoja na PEP. Virusi wanaingia kama mwanzo, lakini nane ya 2 dawa wanne wameshafika na kusimama mbele ya seli kabla kitambaa hakijatolewa. Virusi wanazunguka, wanakosa pa kuingia, wanadhoofika. Dawa wanaendelea kusimama nane 28, huku kundi likihesabu kwa sauti. Ni dakika 2 na sekunde 20, na zinachosha. Usizifupishe, maana urefu huo ndio somo. Kwenye nane ya 10 dawa mmoja aanze kutoka, seli wakishika tumbo kwa kichefuchefu, na rafiki kutoka nje ya duara amrudishe. Vijana wengi huacha PEP njiani kwa maudhi madogo kama hayo wakiwa hawana wa kuwatia moyo.

Sasa makosa yanayoharibu ngoma hii. La kwanza na baya kuliko yote: seli na virusi wakishikana viganja, mtazamaji anaondoka akiamini VVU huenea kwa kusalimiana. Ndiyo maana kamba ni lazima, msimulizi aseme "tuko ndani ya mwili" kabla ya muziki kuanza, na kitambaa kitolewe bila mikono kugusana. La pili, kumvika kirusi nguo nyeusi na sura ya maiti. Watazamaji wataogopa, na hofu hiyo itamwangukia mtu anayeishi na VVU badala ya virusi. Anayeogopa pia hakimbilii kupima, hujificha. La tatu, mchezaji hodari anapewa nafasi ya kirusi na kuwa nyota wa onyesho. Mpe hodari nafasi ya dawa. La nne, miendo migumu: kila kundi liwe na miendo minne tu, ili kijana aliye mbele ya jukwaa aweze kuirudia.

Hatua ya 5: Kondomu kwa mapigo nane

Hii hufanywa ndani ya kipindi cha nne, haipandi jukwaani. Mtoa huduma aonyeshe kwa mfano wa mbao, kisha kila kijana afanye mwenyewe, kundi likipiga makofi na kutaja: kagua tarehe na hewa, chana pakiti pembeni kwa vidole, kamwe si kwa meno, tazama upande wa kukunjua, bana ncha itoke hewa, kunjua hadi shinani, baada ya tendo shika pindo, toa uume ukiwa bado umesimama, funga na utupe pipani. Pigo moja kwa kila tendo. Mafuta ya kupaka na losheni hudhoofisha mpira wa kondomu. Kilainishi kiwe cha maji au cha silikoni. Wengi hukosea pigo la nne, na hewa inayobaki kwenye ncha huongeza uwezekano wa kupasuka.

Hatua ya 6: Kiitikio

Kiitikio kibebe namba, kwa sababu namba ndizo husahaulika. Mizani nane kwa kila kipande hukaa vizuri juu ya hesabu ya nane:

*Siku tatu hesabuni, kituo nikimbilie,*
*Dawa siku ishirini na nane nimalizie.*

Vijana watunge vyao. Hiki ni mfano wa kipimo. Mwezeshaji afafanue kwamba siku tatu ni saa 72 kamili: tukio la Ijumaa saa tatu usiku, mwisho wake ni Jumatatu saa tatu usiku. Kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa, basi asubuhi ya kwanza ni bora kuliko ya pili.

Hatua ya 7: Igizo shirikishi

Baada ya ngoma, igizo la dakika saba linaloishia vibaya, kwa njia iliyoanzishwa na Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil. Kondomu imepasuka Ijumaa usiku. Msichana anamwambia mpenzi wake, naye anajibu, "Kwani huniamini?" Jumamosi rafiki anamshauri ajioshe ndani na anywe kidonge cha dharura. Jumapili anafika kituoni, mhudumu anamuuliza tatizo lake kwa sauti mbele ya foleni, anageuka na kuondoka. Jumatatu usiku muda umekwisha.

Igizo lirudiwe. Mtazamaji yeyote anapaza sauti "Simama!", anapanda na kuchukua nafasi ya msichana. Nafasi ya mpenzi au mhudumu haichukuliwi, kwa sababu katika maisha hatuchagui wengine wawe wema; tunachoweza kufanyia mazoezi ni maneno yetu. Wanaobaki katika nafasi hizo waendelee kukaza, wasilegee haraka. Baada ya kila jaribio mwezeshaji aulize ukumbi: "Hili linawezekana kesho?" Kwenye pointi ya rafiki, mtoa huduma asahihishe papo hapo: kidonge cha dharura huzuia mimba, kinaweza kutumika hadi saa 120, na hakizuii VVU, kujiosha ndani hakusaidii na kunaweza kujeruhi. Kwenye foleni, jibu fupi hufaa: "Nina jambo la dharura, naomba tuongee faragha." Kila mmoja ukumbini alitamke kwa sauti mara tatu.

Wavulana wakicheka msichana anapobanwa, usiwakemee. Simamisha, muulize mmoja wao apande akae mahali pa msichana.

Hatua ya 8: Jaribuni mbele ya wageni watano

Kipindi cha tano, waiteni vijana watano ambao hawajaona mazoezi. Wacheze wenzao bila msimulizi, kisha ulizeni jambo moja: "Umeona nini?" Wawili wakitoa maana isiyo sahihi, badilisheni mwendo wenyewe. Kuongeza maelezo ya msimulizi hakutoshi, kwa kuwa jicho humshinda sikio.

Hatua ya 9: Siku ya onyesho, na baada yake

Tenga dakika 12 za onyesho na angalau 30 za igizo kurudiwa na maswali. Muda ukibana, punguza ngoma (isipokuwa zile nane 28 za PEP), usiguse mazungumzo. Kama kuna upimaji, mlango wake usionekane kutoka jukwaani, na chumba hicho kitoe pia huduma nyingine, mfano kupima shinikizo la damu, ili kuingia kusimtangaze mtu. Hakuna zawadi kwa aliyepima na hakuna kutaja kipaza sautini wangapi wamepima.

Kila mtazamaji aondoke na kikaratasi cha ukubwa wa kiganja chenye jina la kituo, saa za kazi na namba 72 na 28, bila neno VVU juu yake, ili aweze kukihifadhi mfukoni bila woga. Weka alama ndogo kwenye kikaratasi. Kituo kitahesabu vinavyorudi bila kuandika majina.

Makofi si kipimo. Wape wachezaji na watazamaji maswali manane yale yale kabla ya onyesho, siku hiyo baada yake, na miezi mitatu baadaye. Ongeza jaribio la vitendo: kijana aonyeshe mapigo nane ya kondomu, na aseme sentensi ya kumwambia mhudumu. Swali ambalo nusu ya kundi inakosea baada ya miezi mitatu linakuonyesha mwendo wa kubadilisha kabla ya onyesho lijalo.