Kuyaandaa mapafu kabla ya upasuaji
Mzee wako akingojea kupasuliwa saratani ya pafu, na daktari ameruhusu mazoezi, mtembeze kila siku. Wangu nampeleka baada ya swala ya alfajiri, ufuoni kuelekea Shela; maji yakijaa tunazunguka mitaani. Aheme kidogo, lakini aweze kuzungumza. Akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au akikohoa damu, simamisheni, mpigie daktari.

Akirudi akae wima barazani. Avute pumzi taratibu kwa pua mpaka tumbo lijae, aizuie sekunde 3, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza makaa. Mara 10, apumzike. Asiharakishe, kichwa kitamzunguka.

Mfundishe pia kukohoa amekumbatia mto: baada ya upasuaji kidonda kitauma, na kohozi lazima litoke. Sigara aache leo, hata ile ya baada ya kahawa.