Cessna 421C kwa Upimaji wa Angani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Msimu

Cessna 421C, ndege ndogo ya injini mbili za pistoni na kabini yenye presha, ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imepita miaka 40. Bado inatafutwa kwa kazi za upimaji kwa sababu ya hesabu rahisi. Kamera yenye pikseli ya maikroni 5.2 na lenzi ya milimita 100, ukitaka picha ya sentimita 25 kwa pikseli, lazima iwe juu ya ardhi kwa mita 4,800 hivi, yaani karibu futi 15,800. Juu ya Nairobi, ambako ardhi yenyewe ni futi 5,500, altimita (kipimo cha kimo) itasoma zaidi ya futi 21,000. Kabini ikishika presha yake kamili ya pauni 5 kwa inchi ya mraba, waliomo ndani watajiona wako futi 7,000 tu.

Presha hiyo ndiyo ya kupimwa kwanza, kwa sababu tundu la kamera limekatwa kwenye mwili uliobuniwa bila tundu. Soma karatasi za tundu hilo kabla ya kusoma kitu kingine: nani aliidhinisha, kwa mfululizo upi wa ndege, na kwa kikomo gani cha presha. Kuna matundu yenye kioo kinachobeba presha, na yapo yanayokulazimu kuruka bila presha kamera ikifanya kazi, huku wote wamevaa barakoa za oksijeni. Ukinunua la pili ukidhani ni la kwanza, umenunua ndege nzito isiyo na faida yake. Kabini ijazwe hewa ikiwa chini, kwa mashine ya nje, na fundi apite na maji ya sabuni kwenye sili ya kioo, mpira wa mlango na matundu ya nyaya za kamera. Vali za kutolea hewa huko nyuma hushika vumbi na kukwama. Zisafishwe, zisisubiri kuonyesha dalili angani.

Hewa ya kabini hutoka kwenye tabo za injini, yaani mashine zinazoisukumia injini hewa zaidi. Rubani akikata nguvu ghafla akiwa juu, presha ya kabini nayo hushuka. Injini zenyewe, GTSIO-520 za nguvu farasi 375 kila moja, zina gia: injini ikizunguka mara 3, rafadha huzunguka mara 2. Gia hizo zinaumia pale rafadha inapoanza kuisukuma injini badala ya kusukumwa nayo, na hilo hutokea mara nyingi wakati wa kushuka. Punguza presha ya manifoldi (ya hewa inayoingia kwenye injini) inchi 1 kwa dakika, na anza mapema: kutoka futi 21,000 hadi 6,500 kwa kasi ya futi 500 kwa dakika ni karibu nusu saa. Mwongoza kamera anayetaka mpige mbizi kuwahi eneo la chini ambalo mawingu yamefunguka aelezwe hili mkiwa bado chini. Kila mafuta ya injini yanapobadilishwa, chujio likatwe na kufunguliwa. Vipande vya chuma humo husimamisha ndege hadi vijulikane vimetoka wapi.

Ekzosi, yaani mabomba ya kutolea moshi wa injini, inastahili hofu zaidi. Mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo namba 2000-01-16 kwa ndege za Cessna za injini mbili zenye tabo, kwa sababu ekzosi inayovuja hupuliza moto kwenye mabomba ya mafuta na muundo wa bawa nyuma ya injini. Ukaguzi wa macho ni kila saa 50. Ndege ya upimaji inayoruka saa 5 kwa siku humaliza saa hizo kwa siku 10, basi fundi asafiri na kikosi, akiwa na klampu, gasketi na kioo chake cha ukaguzi. Atafute nyufa, madoa ya kijivu na viungo vilivyoganda.

Mafuta ya ndege: ni Avgas 100LL, ya rangi ya buluu. Viwanja vingi vya mbali vina Jet A-1 pekee, mafuta ya injini za jeti yasiyofaa injini hizi, na neno la tabo likiandikwa kwenye kava ya injini humpoteza mjazaji. Agosti 2014 huko Las Cruces, New Mexico, ndege ya wagonjwa ya aina hii ilijazwa Jet A, ikaanguka, wakafa watu wanne. Rubani asimame kando ya tangi na asome risiti. Matangi ya kawaida yana galoni 206 zinazotumika. Kwa galoni 42 kwa saa, ondoa akiba na kupanda, hesabu saa tatu na nusu za kazi.

Uzito wa juu wa kuruka ni pauni 7,450. Nairobi kukiwa na nyuzi 25, ndege hujiona iko karibu futi 8,000. Tabo huokoa nguvu ya injini, lakini rafadha na bawa bado vinakamata hewa nyepesi. Pimeni ndege upya kamera ikiwa imefungwa, kisha fungueni kitabu cha ndege kwenye jedwali la kuruka kwa injini moja nyingine ikizimika.

Kioo cha kamera kifutwe kila asubuhi, maana mafuta na masizi ya ekzosi hutiririka tumboni. Baada ya mistari ya juu (njia zilizonyooka ambazo ndege hufuata ikipiga picha) kioo huwa cha baridi, na ukishuka kwenye hewa yenye unyevu kinafunga ukungu; mistari ya chini ipangwe siku nyingine, au ianze kwanza.