Jinsi ya kuanzisha kundi la dueli za kadi mtaani kwenu bila watu kununiana

Likizo inakaribia na najua madogo wa Kigoma, Mwanga, Katubuka mpaka Ujiji wataanza tena kuulizana nani ana kadi, nani ana deki kali (yaani rundo lake la kadi za kuchezea), nani alimpiga nani mwaka jana, afu baada ya wiki moja utakuta kundi limegawanyika vipande viwili na washkaji waliokuwa wanakaa dawati moja hawasalimiani. Hii ishu inaniuma maana huu mchezo wa kadi za Yu-Gi-Oh! ni mzuri sana na unafundisha akili, na kinachoharibu sio mchezo wenyewe, ni namna watu wanavyoupanga. Kwahiyo nawaandikia hapa jinsi ya kuupanga, na sehemu kubwa nimeitoa kwenye Yu-Gi-Oh! GX, ile katuni ya Japani ya 2004 mpaka 2008 yenye wanafunzi wa Duel Academy, kwasababu ukiiangalia kwa makini ile katuni inazungumzia hiki hiki, watoto wa shule moja wanaopigana kwa kadi na bado inabidi waishi pamoja.

Anza na kadi. Msisubiri orijino, mtasubiri mpaka mmalize form four. Nendeni stationari chukueni manila, kateni saizi ya A4, halafu kila karatasi igaweni vipande vya sentimita 6 kwa 9, hapo A4 moja inatoa kadi 9. Karatasi 3 zinakupa kadi 27, yaani 20 za deki na 7 zinabaki kwa ajili ya monsta wa kuunganisha (wanaotokea ukichanganya monsta wengine) na zile zitakazoharibika, na zitaharibika tu. Rangi ya nyuma iwe moja kwa kundi zima, hili msilichukulie poa, maana kadi ikiwa na doa kwa nyuma mwenzako anaijua hata kabla hujaifunua na hapo hapo kelele za kuchakachua zinaanza. Mkiweza pigeni selotepu pana juu yake, zitakaa mpaka likizo ya Desemba.

Kwanini 20 na sio 40? Mchezo kamili unataka kadi 40 mpaka 60 na pointi za uhai 8000 (zikiisha umeshindwa), lakini kwenye katuni wanapigana kwa 4000, na gemu la kwenye simu la Duel Links nalo linatumia deki ya kadi 20 mpaka 30, pointi 4000, nafasi tatu tu za monsta mezani na unaanza na kadi 4 mkononi. Chukueni huo mfumo mfupi. Dueli inaisha haraka, aliyepigwa hakai nusu saa nzima anasubiri kuaibishwa, na watu wengi wanapata zamu kabla ya magharibi.

Sheria za msingi ni hizi. Monsta wa nyota 4 kushuka chini (nyota ni ngazi yake, inachorwa kwenye kadi) unamuweka bure, mara moja kwa zamu, wa nyota 5 na 6 unatoa kafara monsta wako mmoja aliye mezani, wa 7 kwenda juu unatoa wawili. Anayeanza haruhusiwi kushambulia zamu ya kwanza. Monsta wa shambulizi wakikutana, mwenye nguvu ndogo anakufa na ile tofauti inakatwa kwa mwenye naye, akiwa amelala kwenye ulinzi anakufa lakini pointi hazikatwi. Mfano Flame Wingman wa Jaden, mhusika mkuu wa ile katuni, ana nguvu ya shambulizi 2100, akimpiga monsta wa 1600 unakatwa 500, halafu uwezo wake unakukata tena 1600 ya yule aliyekufa, jumla 2100, zaidi ya nusu ya uhai wako imeondoka kwa pigo moja. Pointi ziandikwe kwenye daftari na mtu wa tatu, sio kichwani, na huyo wa tatu ndo refa, neno lake la mwisho, hata kama ni mdogo kuliko nyie wote.

Sasa tuje kwenye urafiki wenyewe.

Kosa linalofanywa na karibu kila kundi ni kupanga watu kwa ngazi za kudumu. Ndivyo ilivyokuwa Duel Academy, wanafunzi wamegawanywa mabweni matatu yenye makoti ya rangi tofauti, Obelisk Blue wakali na wenye hela, Ra Yellow wa katikati, Slifer Red wa mwisho, na huko Slifer hata bweni lenyewe limechoka na chakula ni cha kuhesabu. Jaden anaingia shuleni kwa kumpiga mwalimu mzima, Dr. Crowler, kwenye mtihani wa kujiunga, na bado anapelekwa Slifer. Mnaona shida? Rangi ya koti ikishakuwa jina lako basi huchezi tena kadi, unalinda koti. Mwangalieni Chazz wa Obelisk Blue. Kaanza juu kabisa, kila mtu anamnyenyekea, halafu anaambiwa apigane na Bastion wa Ra Yellow na akishindwa wanabadilishana bweni, basi kwa uoga anaichukua deki ya Bastion anaitupa kwenye maji. Dogo mwenye kipaji kabisa anaanguka mpaka huko kwasababu ngazi imemwambia ukishuka we si kitu. Na anapigwa vilevile, maana Bastion alikuwa na deki nyingine, na baada ya hapo anaikimbia shule.

Kwahiyo kwenu ngazi iwepo, watu wanapenda ngazi na mimi sipingi, lakini iwe ya wiki. Andikeni majina kwenye karatasi moja, mtu anaruhusiwa kumuita aliyemzidi nafasi moja au mbili tu, akishinda wanabadilishana nafasi, na kila Jumamosi karatasi inachanwa mnaanza upya kwa kura. Asiwepo mtu anayeitwa wa mwisho wiki mbili mfululizo kabla ya hata kadi moja kuchezwa. Na jambo jingine, aliyeshindwa ndo anayechagua nani apigane naye dueli inayofuata, hiyo inamvuta arudi mezani badala ya kwenda kukaa pembeni na kuzira. Mtu akizira siku mbili tatu ujue mmeshampoteza, hata akirudi atarudi na kisasi.

Pili, zuieni hela isiongee. Yupo dogo ambaye mjomba wake atamletea kadi za kweli kutoka Dar, na yupo ambaye hata manila ameomba. Mkiziacha zikutane hivihivi hakuna mchezo hapo, ni mtu anaonyesha alivyojaliwa. Wekeni kikomo cha jumla ya shambulizi, kwa mfano kila deki iwe na monsta wasiozidi 12 na ukijumlisha nguvu zao zote zisizidi 15,000. Ukitaka kuweka mnyama wa 3000 weka, lakini wenzake itabidi wawe vimbaombao. Hapo ndo akili inaanza kufanya kazi. Kwenye GX kuna dueli ambayo Chazz anapigana na kaka yake mwenye kadi za bei mbaya, na sharti ni kwamba monsta wa Chazz wote wawe chini ya 500, na anashinda kwa akina Ojama, vidudu vya 0 ambavyo watu walishavidharau, vitatu vikisimama pamoja mezani kadi ya Ojama Delta Hurricane inafagia upande wa pili wote. Kwangu mimi ile ndo dueli bora ya msimu wa kwanza, bora hata kuliko za Jaden, na nitabishana na yeyote juu ya hilo.

Kikomo kinaleta ubunifu ambao hukutegemea. Nimeona kadi ya dogo mmoja wa Kibirizi aliyochora MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kwa biro ya bluu, na yale maji ameyakoleza mpaka karatasi imelowa wino. Shambulizi 1200 tu, lakini chini kaandika kwa herufi ndogo sana, ikizamishwa inakaa makaburini (rundo la kadi zilizokufa) zamu tatu halafu inapanda tena mezani yenyewe. Anajua anachofanya, maana Liemba kweli ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 kwenye vita, ikaja kuopolewa 1924 na ikarudi kufanya kazi ziwani. Wenzake walilalamika kwamba inakera, refa akaikubali kwa sharti moja kwamba ikirudi isishambulie zamu hiyo hiyo. Hivyo ndivyo kadi mpya inavyotakiwa kupitishwa, mwenye kadi anaisoma kwa sauti, mpinzani wake mkubwa anasema inamkera wapi, refa anaongeza sharti moja, inapigwa sahihi kwa nyuma ya daftari, basi. Kadi isiyo na sahihi haichezwi.

Sasa hapo kwa mpinzani mkubwa nataka nikae kidogo.

Kila kundi lina wawili wanaofuatana, wakikutana kila mtu anaacha anachofanya anakuja kuangalia. Msiwatenganishe hao, ila wapeni kazi ya pamoja. Sheria yangu ni kwamba kabla ya dueli kubwa kila mmoja anamuonyesha mwenzake kadi 3 za deki yake na kumuuliza angebadilisha ipi, na mwenzake anatakiwa kujibu ukweli. Mtaona wenyewe, jibu la mpinzani linakuwa la maana kuliko la rafiki anayekushangilia tu, kwasababu yeye ndo amekaa anafikiria deki yako kila siku.

Na ukweli una namna ya kusemwa. Wale ndugu wawili, Zane na Syrus, Zane ndo bora shule nzima na mdogo wake hajiamini kabisa, na yote yametokana na kadi moja inaitwa Power Bond. Hiyo kadi inaunganisha mashine na kumpa monsta nguvu mara mbili, yaani Cyber End Dragon wa 4000 anakuwa 8000, ila mwisho wa zamu unakatwa wewe mwenyewe zile 4000 zake za asili, na kwa kuwa una uhai 4000 basi usipommaliza mwenzako zamu hiyo umekufa wewe. Syrus akiwa mdogo alitaka kuitumia bila kuangalia kadi ya mtego ambayo mpinzani ameifunika mezani, kaka yake akamsimamisha na akamkataza kuitumia. Zane alikuwa sahihi kabisa kimchezo. Lakini dogo amebaki na katazo miaka yote bila kujua sababu, na mtu akikatazwa bila sababu anachoelewa ni kwamba yeye hafai. Angekaa naye chini amwambie hivi, angalia kadi iliyofunikwa kule, unadhani ni nini, ukishajibu hilo ndo uitumie. Dakika tano tu. Nyie wakubwa mnaofundisha wadogo zenu, msimnyang'anye kadi mtoto, muulizeni swali.

Wiki moja kati ya nne chezeni wawili wawili, aliye juu kwenye karatasi na aliye chini, wa pili na wa pili kutoka chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Pointi 8000 za pamoja, hakuna kuangaliana kadi wala kupeana ishara. Jaden na Syrus walilazimishwa kucheza hivyo dhidi ya wale ndugu wa Paradox, wakishindwa wanafukuzwa shule, na ni pale ndo Syrus alianza kusimama kama mtu. Yule mkali wenu akishagundua kwamba ushindi wake unategemea dogo wa chini kuweka kadi sahihi, tambo zinapungua zenyewe na anaanza kumfundisha bila kuambiwa.

Sare nayo iruhusuni. Wote wakifika sifuri kwa pamoja msilazimishe marudiano papo hapo. Dueli ya Zane kuaga shule alipigana na Jaden ikaisha sare, na hakuna aliyetoka pale amepungua.

Kuna kitu kimoja ambacho kundi lenu likishakolea kitawakuta, nacho ni mtu kupata rafiki mpya anayemuelewa zaidi. Msimu wa tatu Jaden anampata Jesse, wanafanana kila kitu, halafu Jesse anapotea na Jaden anachanganyikiwa kumtafuta mpaka hawaoni tena wale aliokuja nao, Alexis, Chazz na wengine, wanaangamia wakati yeye anawaza mtu mmoja, na Syrus anabaki anamuangalia rafiki yake kama mtu asiyemjua. Wengine huwa wanauruka huo msimu wanasema una huzuni sana, mimi nasema uangalieni, tena muangalie pamoja mkiwa mmekaa kundi zima. Halafu kwenu ikitokea fulani na fulani kila siku wanacheza wao tu, refa ana haki ya kuwagawa. Awaambie mbele ya watu wote na bila kejeli, leo nyie wawili kila mtu na mwingine, kesho mtarudi.

Kuhusu maneno ya mezani, tambo ni halali, bila tambo mchezo unadoda. Tambieni kadi, tambieni mpango, ila familia ya mtu, hela ya kwao, kabila lake na matokeo yake ya darasani havitajwi. Anayevitaja anakaa nje siku hiyo, hata kama ndo mwenye kadi nyingi, hata kama mnacheza kibarazani kwao. Hapa msilegeze hata kidogo.

Mwisho kuna wale watakaoondoka. Kila Januari wapo wanaopanda treni kwenda bodingi Tabora na huko simu hairuhusiwi, kwahiyo Duel Links hamtacheza na kundi linakufa kimya kimya. Tumieni karatasi. Chora meza ilivyo, monsta gani wako wapi, kadi zipi mkononi, pointi zimebaki ngapi kila upande, kisha andika swali moja tu chini, ashinde kwa zamu hii hii, afanyeje? Mpe anayesafiri aibebe. Mwenzako atajibu nyuma ya karatasi hiyo hiyo na kukuchorea ya kwake, na wewe ukipokea usikimbilie kutafuta jibu kwa wengine, kaa nayo, ukishindwa kabisa ndo muite mpinzani wako wa nyumbani mkae nayo wote wawili.