Mafuta yakipanda Uganda: jipange hivi kabla bei haijafika jikoni

Watu wengi hapa Kampala wanaangalia bei ya petroli tu, na kama hauna gari unasema aa hiyo shida ya wenye magari. Hapo ndo unapigwa. Angalia dizeli. Petroli inakugonga siku hiyo hiyo kwa boda na teksi (zile basi ndogo za abiria 14), sawa, lakini dizeli ndo inayosukuma Fuso ya matoke kutoka Isingiro na Mbarara, ndo iko kwenye lori la makaa, na kule vijijini mashine nyingi za kusaga mahindi zinakunywa hiyo hiyo. Ukipita sheli ukaona dizeli imeruka ujue una siku chache kabla ya wauzaji wa soko la Kalerwe kubadilisha bei, na hizo siku ndo za kununua posho (unga wa mahindi) na maharage.

Ujue pia huku kwetu hakuna anayepanga bei ya lita. Kenya mamlaka yao, EPRA, inatangaza bei kila tarehe 14, Tanzania ni EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi, sisi kila sheli inajiwekea yake, kwa hiyo inapanda siku yoyote bila kuaga. Ila sheli mbili za barabara moja zinaweza kupishana, linganisha, usikwame na ile uliyoizoea. Na fuatilia habari za mpaka wa Kenya, pale Malaba na Busia, maana mafuta yetu mengi yanatoka Mombasa na kuingilia hapo kwa malori. Januari 2022 madereva walikwama mpakani kwa mambo ya vipimo vya korona, mafuta yakaadimika, kuna mahali lita ilifika shilingi 10,000. Foleni ya Malaba ikirefuka wewe anza kujipanga. Na usiniambie tuna mafuta yetu ya Hoima, yaligunduliwa 2006 kweli, lakini lile bomba la kilomita 1,443 la kwenda Tanga ni la mafuta ghafi ya kuuza nje, hayaingii kwenye tenki ya boda bila kusafishwa kwanza.

Sasa nauli, hapa ndo tunaliwa kwa kutopiga hesabu. Tuseme boda anatumia lita 4 kwa siku na petroli imepanda shilingi 500, hiyo ni 2,000 zaidi siku nzima. Akibeba watu 15, kila mmoja akiongeza 150 pesa yake imerudi. Kwa hiyo akikwambia ongeza elfu moja mpigie hiyo hesabu taratibu, "ssebo (bwana), lita imepanda mia tano, mbona mimi peke yangu nakulipia nyongeza ya lita mbili?" Wengi wanacheka mnamalizana kwa 300 hivi. Usimbane sana lakini, naye mara nyingi ana mkopo wa pikipiki unamsubiri.

Teksi ni hesabu ile ile, watu 14 wakigawana nyongeza ya lita mbili tatu inatoka mia moja kwa kichwa, ila kondakta anaongeza 500 na huwezi kubishana naye saa 12 jioni mvua inanyesha na steji imejaa watu. Kwa teksi dawa ni saa. Toka mapema kabla ya msongamano, rudi kabla ya jamu au subiri iishe, shughuli za mjini zote ziweke siku moja, na nauli uliza kabla hujakaa.

Mwenye pikipiki yake angalia upepo wa tairi, cheni na chujio la hewa, zima injini jamu ikigoma. Petroli ya chupa za barabarani achana nayo, unaweza kuuziwa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Na tafadhali usifiche jerikeni ya petroli kwenye chumba kile kile unachowashia sigiri, lile jiko la makaa.

Jikoni ndo kuna kazi. Makaa yanapigwa mara mbili, lori linataka dizeli, na tangu rais apige marufuku biashara ya makaa kaskazini mwaka 2023 kuyapata kwenyewe ni shida. Kama una Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, na nyumba yako inatumia umeme mwingi, jua kwamba yuniti za 81 mpaka 150 za mwezi zina bei nafuu ya kupikia, hapo presha kuka ya umeme inalipa. Kama mwezi mzima unamaliza yuniti 30 hiyo nafuu hutaiona, lakini hata hivyo pikia maharage tu, chai na vingine baki na sigiri. Hauna umeme? Loweka maharage usiku kucha, makaa yatapungua bila gharama yoyote.

Unga nunua gunia baada ya mavuno, kuanzia Julai au Desemba, mchange majirani watatu wanne mgawane. Matoke yakiwa juu geukia mihogo na viazi vitamu vinavyotoka karibu, Wakiso au Luwero, havijalipa safari ndefu. (Rolex, ile chapati ya mayai, je? Kwanza inakonda, bei inafuata baadaye.)

Na bei ya sheli ikishuka usikae kimya, nauli haishuki yenyewe. Mtajie boda bei ya leo kabla hujapanda, na pale sokoni uliza dizeli ilishuka lini.