Kuboresha Banjo ya Bei Nafuu Nyumbani

Banjo ya bei nafuu yenye nyuzi tano haihitaji kutupwa kwa sababu tu sauti yake imefifia. Mara nyingi kasoro ni ngozi ya plastiki iliyolegea. Kaza nati zinazoizunguka kwa spana ndogo, robo mzunguko kila moja, ukihama kutoka nati moja hadi ile inayoikabili, kwani ukikaza upande mmoja pekee ngozi itavutika vibaya na huenda ikapasuka.

Kisha shughulikia daraja, yaani kipande cha mbao kinachoinua nyuzi juu ya ngozi, sehemu ambayo kwa maoni yangu hubadilisha sauti kuliko nyingine zote kwa gharama ndogo. Kwa wakazi wa Moshi, kipande chembamba cha mpingo kutoka kwa fundi wa vinyago chaweza kubandikwa juu ya daraja la mbao nyepesi, kisha kikachongwa mifereji myembamba ya nyuzi. Mpingo ni mgumu kiasi kwamba nyuzi hazizami ndani yake, ingawa utachosha msasa wako. Usiligundishe daraja kwenye ngozi: hushikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Umbali kutoka kizingiti cha juu ya shingo hadi freti ya 12 (freti ni vijiti vya chuma vilivyopangwa kukingama shingoni) uwe sawa na umbali kutoka freti hiyo hadi darajani, la sivyo noti za juu zitapotoka.

Mwangwi ukizidi, ingiza kitambaa laini nyuma ya ngozi. Nyuzi mpya zifungwe mwisho, moja baada ya nyingine.